Imani, mila na mkono wa serikali: Funzo la karne moja kutoka Migori na Homa Bay

WAKRISTO wengi nchini walipokuwa wakiadhimisha Pasaka mnamo Aprili 2025, polisi walivamia boma la kanisa moja katika kijiji cha Opapo, eneo la Rongo, Kaunti ya Migori. Waliwaondoa humo watu 57 waliokuwa wakiishi na kuabudu pamoja, na wakatangaza kuwa walikuwa wakichunguza vifo vya watu wawili, mmoja wao afisa wa usalama aliyezikwa ndani ya boma hilo.

Kwa taifa ambalo lilikuwa bado linaomboleza zaidi ya watu 400 waliofukuliwa katika msitu wa Shakahola, Kaunti ya Kilifi, kuanzia 2023, habari hizo zilitonesha kidonda kibichi. Wengi walitaka serikali ichukue hatua kali mara moja. Hata hivyo, jambo moja liliwatatiza wengine. Taarifa za wakati huo zilieleza kuwa baadhi ya waumini waliookolewa walikataa chakula wakiwa mikononi mwa polisi. Kwa macho yao, waliokuja kuwaokoa ndio waliokuwa wamewateka.

Hapo ndipo penye swali zito. Mtu mzima mwenye akili timamu akiamua kuishi katika boma la kanisa, serikali ina mamlaka gani ya kumtoa? Na ikiwa haina, nani atawajibika siku boma hilo litakapogeuka kaburi?

Swali hili si geni katika nchi inayopakana na Ziwa Viktoria upande wa kusini. Kwa zaidi ya miaka 100, wakazi wa maeneo ambayo leo ni kaunti za Migori na Homa Bay wameshuhudia serikali ikiingia na kutoka katika mambo ya imani na mila zao. Mara nyingine iliingia pasipostahili. Mara nyingine ilikawia palipohitaji haraka. Historia hiyo ina kipimo kinachoweza kuwafaa Wakenya wote wakati huu ambapo sheria mpya za kudhibiti makanisa zinajadiliwa.

Katiba inasemaje?

Kabla ya kuingia katika historia hiyo, yafaa kueleza msimamo wa sheria. Kifungu cha 8 cha Katiba ya 2010 kinatamka kwamba Kenya haina dini ya taifa. Kifungu cha 32 kinampa kila mtu uhuru wa dhamiri, dini, fikira na imani, pamoja na haki ya kuidhihirisha imani hiyo, awe peke yake au pamoja na wengine, kwa ibada, mafundisho na maadhimisho ya siku ya kuabudu.

Lakini uhuru huo hausimami pweke. Kifungu cha 26 kinalinda uhai wa kila mtu. Kifungu cha 24 nacho kinaruhusu haki kuwekewa mipaka kwa masharti maalumu: mpaka uwekwe na sheria, uwe wa busara katika jamii huru ya kidemokrasia, na pasiwe na njia nyingine nyepesi zaidi ya kufikia lengo lilelile.

Kuhusu mila, Kifungu cha 11 kinautambua utamaduni kuwa msingi wa taifa, nacho Kifungu cha 44 kinamlinda mtu asilazimishwe na mwingine kutekeleza desturi yoyote. Ukiviweka vifungu hivi pamoja, utaona kuwa Katiba inatenganisha mambo mawili ambayo watawala wa zamani waliyachanganya: kile mtu anachoamini, na kile anachomtendea mwenzake kwa jina la imani hiyo.

Mumbo na hofu ya mkoloni

Wakoloni Waingereza hawakuijali tofauti hiyo. Mnamo 1913, mtu mmoja wa Alego, Onyango Dunde, alidai kwamba nyoka mkubwa aitwaye Mumbo alimtokea kutoka ziwani na kumpa ujumbe. Kwa mujibu wa ujumbe huo, dini ya Kikristo ilikuwa imeoza, Wazungu wote wangetoweka, na Waafrika wangepata neema tele. Mafundisho hayo yalienea hadi wilaya ya Kavirondo Kusini, ambayo ilijumuisha Kisii, Homa Bay na Migori za leo.

Serikali ya kikoloni iliyachukulia mafundisho hayo kama uasi. Hofu yake iliongezeka baada ya Septemba 1914, wakati majeshi ya Wajerumani yalipoingia mji wa Kisii na utawala wa Waingereza ukayumba kwa muda. Viongozi wa Mumbo walikamatwa na baadhi yao kupelekwa uhamishoni Lamu, mamia ya kilomita kutoka kwao.

Makanisa ya wamishonari hayakuwatetea, na hilo halishangazi, kwa kuwa Mumbo aliyapinga waziwazi. Lakini kwa kunyamaza, Wakristo wa wakati ule waliiachia serikali uwezo wa kuamua ni mafundisho yapi yanayokubalika. Uwezo huo ukishatolewa haurudishwi kwa urahisi, wala haubagui. Fimbo iliyompiga mfuasi wa Mumbo ndiyo ile ile ambayo baadaye iliinuliwa dhidi ya makanisa ya Kikristo yaliyoanzishwa na Waafrika wenyewe.

Got Kwer: Waliodhaniwa wamepotoka

Mfano wa karibu ni dhehebu la Legio Maria, ambalo makao yake makuu yako Got Kwer, Kaunti ya Migori. Dhehebu hilo lilizaliwa mwanzoni mwa miaka ya 1960, wakati Kenya ilipokuwa ikiukaribia uhuru, chini ya Simeo Ondeto na mwanamke kijana aliyeitwa Gaudencia Aoko. Wengi wa wafuasi wake wa kwanza walikuwa Wakatoliki, na jina lake lilitokana na chama cha walei cha kanisa hilo, Legio ya Maria.

Kwa Kanisa Katoliki, huo ulikuwa upotovu. Wafuasi walimheshimu Ondeto kama Masiha aliyewajia Waafrika. Walitoa pepo, walipokea unabii katika ndoto, na papo hapo wakaendelea kuyatumia maneno ya Kilatini katika ibada zao. Walioachana nao walicheka. Waliojiunga nao walisema kwamba hatimaye wamempata Mungu anayeyaelewa maradhi na hofu za nyumbani kwao.

Ondeto alifariki mwaka 1991. Dhehebu lake halikufa pamoja naye. Hadi leo mahujaji waliovalia kanzu za rangi mbalimbali huuelekea mlima wa Got Kwer, na waumini wake wanapatikana kote Nyanza na hata nje ya mipaka ya Kenya.

Mkristo wa kanisa jingine ana haki kamili ya kuyapinga mafundisho ya Legio Maria kwa Biblia yake mkononi. Haina shida hiyo. Shida huanza anapotamani serikali impinge kwa niaba yake. Kama mwaka 1963 kungekuwa na sheria ya kumtaka kila mhubiri awe na cheti cha chuo cha theolojia, Ondeto na Aoko wasingeruhusiwa kufungua midomo. Lakini hata wavuvi wa Galilaya wasingeruhusiwa.

Hili si jambo la kubuni tu. Novemba 2014, ofisi ya Mwanasheria Mkuu ilisimamisha usajili wa makanisa mapya. Mwanzoni mwa 2016, aliyekuwa Mwanasheria Mkuu, Prof Githu Muigai, alitoa rasimu ya kanuni ambazo pamoja na mengine zingewataka viongozi wa dini wawe na vyeti vya mafunzo ya kidini. Makanisa makubwa na madogo yalipinga kwa sauti moja, na Rais Uhuru Kenyatta akaagiza kanuni hizo ziondolewe ili mashauriano yafanywe upya.

Sabato iliyofika mahakamani

Serikali haihitaji bunduki wala pingu ili kuvuka mpaka. Wakati mwingine hutumia ratiba ya shule tu. Wanaolijua hilo vyema ni Waadventista Wasabato, ambao mizizi yao katika nchi hii iko Gendia, karibu na Kendu Bay, Kaunti ya Homa Bay. Wamishonari wao wa kwanza walifika hapo mwaka 1906. Miongoni mwao walikuwa Arthur Carscallen na Peter Nyambo, Mwafrika kutoka Nyasaland, ambayo leo ni Malawi.

Kutoka Gendia walienea hadi Kamagambo, karibu na Rongo, ambako walianzisha kituo kilichozaa shule na chuo cha walimu. Walijenga hospitali Kendu Bay na kiwanda cha uchapishaji. Familia nyingi za Karachuonyo, Kamagambo na Gusii hazifanyi kazi kuanzia machweo ya Ijumaa hadi machweo ya Jumamosi. Kwao, hiyo ni amri ya Mungu na si mazoea ya kijiji.

Watoto wa familia hizo walipojiunga na shule za umma katika sehemu mbalimbali za nchi, baadhi yao walijikuta wakilazimishwa kuingia darasani, kufanya mitihani au kufanya usafi siku ya Jumamosi, na waliokataa waliadhibiwa. Hakuna waziri aliyesimama kutangaza vita dhidi ya Sabato. Ilikuwa tu kwamba kengele ya shule ililia, na mtoto akatakiwa kuchagua kati ya mwalimu na Mungu wake.

Mwaka 2012, kanisa hilo liliwasilisha kesi mahakamani dhidi ya Waziri wa Elimu. Mahakama Kuu iliikataa. Kanisa halikukata tamaa, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufaa iliamua kuwa wanafunzi hao walistahili kupewa nafasi ya kuitunza siku yao ya ibada, na kwamba shule zina wajibu wa kutafuta njia ya busara ya kuwahudumia.

Uamuzi huo una funzo kwa wanaodhani kuwa uhuru wa dini ni kwa ajili ya walio wengi. Walio wengi hawahitaji mahakama, kwa sababu kalenda ya serikali tayari inawapa Jumapili. Uhuru wa dini hupimwa kwa jinsi nchi inavyomtendea mtoto mmoja wa Kisabato katika shule yenye wanafunzi 800 wasioijua Sabato.

Pale serikali ilipopaswa kuingia

Hata hivyo, haitakuwa haki kulisimulia suala hili kana kwamba kila hatua ya serikali ni uonevu. Katika Kaunti ya hiyo hiyo ya Migori, ng'ambo ya mto Migori kuelekea mpaka wa Tanzania, wanaishi Wakuria. Miongoni mwao, baraza la siri la wazee liitwalo inchama ndilo huamua msimu wa tohara. Kwa vizazi vingi, msimu huo uliwahusu wavulana na wasichana pia.

Bunge lilipitisha Sheria ya Kupiga Marufuku Ukeketaji mwaka 2011. Wapo waliosema kwamba hiyo ni serikali kuingilia mila. Suala hilo lilifikishwa mahakamani na daktari Tatu Kamau, aliyedai kuwa mwanamke mtu mzima ana haki ya kuamua kukeketwa kwa ridhaa yake. Machi 2021, Mahakama Kuu iliitupilia mbali hoja hiyo, ikizingatia madhara ya kitendo hicho na shinikizo la jamii linalofanya ridhaa kuwa jina tu.

Katika suala hili, makanisa hayakusimama upande wa pili wa serikali. Mapadri, wachungaji na wanawake wa makanisa ya Kuria wamewahifadhi wasichana wakati wa likizo za Desemba, wengine wakiwa wametoroka nyumbani usiku. Waliwahitaji chifu na polisi, na walilalamika pale maafisa hao walipofumba macho. Mwaka 2020, shule zilipofungwa kwa miezi mingi kutokana na janga la Covid-19, wasichana wa Kuria walikeketwa kwa wingi na kutembezwa barabarani mchana kweupe. Sheria ilikuwepo. Serikali ndiyo iliyokosekana.

Kitaifa, idadi ya wanawake waliokeketwa ilishuka kutoka asilimia 38 mwaka 1998 hadi asilimia 15 mwaka 2022, kulingana na takwimu rasmi za afya. Nguvu ya dola peke yake isingeleta mabadiliko hayo. Lakini bila sheria, msichana wa miaka 12 asingekuwa na pa kukimbilia.

Ulinganisho mzuri ni suala jingine la tohara, la wanaume miongoni mwa Waluo. Kwa desturi, Waluo hawatahiri. Utafiti uliofanywa Kisumu na kuchapishwa mwaka 2007, pamoja na tafiti nyingine za Afrika Kusini na Uganda, ulionyesha kuwa tohara hupunguza uwezekano wa mwanamume kuambukizwa virusi vya Ukimwi kutoka kwa mwanamke kwa takriban asilimia 60. Homa Bay ilikuwa, na imeendelea kuwa, miongoni mwa maeneo yaliyoathiriwa zaidi na ugonjwa huo nchini.

Serikali ingeweza kutoa amri. Haikufanya hivyo. Wazee wa jamii walikuwa na shaka, na walisikilizwa. Wanasiasa, akiwemo aliyekuwa Waziri Mkuu Raila Odinga, waliombwa waunge mkono. Mpango ulipozinduliwa mwaka 2008 ulisisitiza hiari, na ulielezwa kama suala la afya badala ya kubadilisha utambulisho wa mtu. Maelfu kwa maelfu ya wanaume walijitokeza wenyewe.

Kwa nini serikali ilitumia sheria ya jinai Kuria na ushawishi Homa Bay? Kwa sababu katika mfano wa kwanza aliyeumizwa alikuwa mtoto asiyeweza kukataa, na katika wa pili uamuzi ulikuwa wa mtu mzima juu ya mwili wake. Mila zote mbili zilistahili heshima, lakini hazikustahili kutendewa sawa.

Matanga wakati wa janga

Jaribio jingine lilikuja Machi 2020. Serikali ilifunga makanisa na misikiti na kuweka kikomo cha watu 15 katika mazishi. Kwa Mluo wa Homa Bay au Migori, agizo hilo lilikuwa gumu kulimeza. Mazishi kwao ni siku kadhaa za kukesha, kupokea wageni, kusuluhisha madeni na kumpa marehemu heshima yake ya mwisho. Kumzika mzee mbele ya watu 15 kulionekana kama kumtupa.

Makanisa mengi yalitii. Viongozi wa dini walishirikishwa kupitia baraza la madhehebu mbalimbali lililoongozwa na Askofu Mkuu Anthony Muheria wa Nyeri, na Julai 2020 nyumba za ibada zikafunguliwa kwa watu wasiozidi 100 kwa muda wa saa moja. Utii huo haukutokana na woga. Amri ilikuwa na sababu iliyoelezwa, ilizihusu dini zote sawasawa, na ilikuwa ya muda.

Palipoharibika ni pale sheria ilipotumiwa kwa ubaguzi. Wanasiasa waliendelea kukusanya umati huku mjane akizuiliwa kumlilia mumewe na jamaa zake. Amri inayomfunga mnyonge na kumwachilia mkubwa hupoteza uhalali wake, hata kama iliandikwa kwa nia njema.

Paulo na mitume: Sauti mbili za Maandiko

Wakristo wanaolitafakari suala hili hurejelea sehemu mbili za Agano Jipya. Katika sura ya 13 ya Waraka kwa Warumi, Mtume Paulo anawataka waumini wawatii wenye mamlaka, kwa kuwa mamlaka yamewekwa na Mungu ili kuwatia hofu watenda maovu. Lakini katika sura ya 5 ya Matendo ya Mitume, Petro na wenzake, walipokatazwa kuhubiri, waliwajibu wakuu wa baraza kuwa utii wao wa kwanza ni kwa Mungu.

Sehemu hizo hazipingani. Paulo anaeleza kazi ya serikali, ambayo ni kuzuia uovu. Petro anaonyesha mpaka wake, kwamba haiwezi kumwamuru mtu asimkiri Mungu wake. Mhubiri anayemnyima mtoto chakula hawezi kujificha nyuma ya Petro. Waziri anayemfungia kanisa mhubiri aliyemkosoa naye hawezi kujificha nyuma ya Paulo.

Nyanza iliwahi kuwa na kiongozi aliyeuelewa vyema uzani huo. Askofu Henry Okullu wa Dayosisi ya Maseno Kusini ya Kanisa la Kianglikana aliitumia mimbari kuutetea uhuru wa mwananchi wakati wengi walipokuwa wakinong'ona. Chama cha Kanu kilipoanzisha upigaji kura wa mlolongo mwaka 1986, alikuwa miongoni mwa viongozi wa makanisa walioupinga, na mwaka 1990 alijitokeza kudai mfumo wa vyama vingi. Aliitwa mwanasiasa aliyevaa kanzu. Hakuna aliyeweza kumwita mlafi.

Hilo la mwisho lina uzito. Kanisa linalopokea mabunda ya pesa kutoka kwa mwanasiasa kila Jumapili litapata wapi sauti ya kumwambia amevuka mpaka? Novemba 2024, Askofu Mkuu wa Nairobi, Philip Anyolo, aliyewahi kuwa Askofu wa Homa Bay kuanzia 2003 hadi 2018, aliagiza mchango wa Rais William Ruto kwa parokia moja ya Soweto, jijini Nairobi, urejeshwe. Siku chache kabla ya hapo, maaskofu wa Katoliki walikuwa wameikosoa serikali kwa ukali. Ujumbe ulieleweka: anayetaka kukemea sharti kwanza afungue mikono yake iwe mitupu.

Majirani wanatufunza nini?

Nchi jirani zinaonyesha pande mbili za hatari hii. Rwanda ilipitisha sheria mwaka 2018 iliyowataka wahubiri wakuu wawe na shahada za theolojia na majengo ya ibada yatimize viwango maalumu. Maelfu ya makanisa yalifungwa mwaka huo, na maelfu mengine mwaka 2024. Serikali ilisema inawalinda waumini. Lakini kanisa la maskini kijijini, lisilo na choo cha kisasa wala kizuia sauti, halikuwa na hatia ya kumuua mtu.

Nchini Tanzania, Juni 2025, serikali ilifuta usajili wa kanisa la Askofu Josephat Gwajima, aliyekuwa pia mbunge wa Kawe, muda mfupi baada yake kulaani hadharani vitendo vya utekaji wa watu. Polisi waliwazuia waumini kuingia kanisani. Ingawa serikali iliruhusu lifunguliwe baadaye mwaka huo, kila mhubiri wa Afrika Mashariki alikwisha kuona jinsi cheti cha usajili kinavyoweza kugeuzwa mnyororo.

Mapendekezo yaliyo mezani

Baada ya Shakahola, Rais Ruto aliunda jopokazi chini ya Kasisi Mutava Musyimi, ambalo liliwasilisha ripoti yake Julai 2024. Mwaka huo huo, Seneta wa Tana River, Danson Mungatana, aliwasilisha mswada wa kusimamia mashirika ya kidini, ukiwa na pendekezo la kuwa na msajili maalumu. Makanisa kadhaa yaliupinga, yakisema unampa afisa wa serikali uwezo mkubwa juu ya ibada.

Cha kuzingatia ni kwamba kamati ya Seneti iliyochunguza mauaji ya Shakahola, ambayo iliongozwa na seneta huyo huyo, iligundua uzembe wa vyombo vya usalama na haki. Paul Mackenzie alikuwa amekamatwa na kufikishwa mahakamani zaidi ya mara moja tangu 2017, na Machi 2023 aliachiliwa kwa dhamana katika kesi iliyohusu vifo vya watoto wawili. Kumpeleka mtoto shule ni lazima kisheria. Kila kifo sharti kiripotiwe na kila mazishi yawe na kibali. Kumnyima mtoto chakula ni jinai, awe kanisani au nyumbani.

Kwa hivyo, iwe ni Kilifi au Opapo, swali la kwanza haliwi ni sheria gani mpya ihitajikayo. Swali ni chifu na naibu wake walikuwa wapi, jirani aliyeona mtoto asiyekwenda shule alimwambia nani, na aliyeambiwa alifanya nini. Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Na ukuta unaopendekezwa sasa utawazunguka hata wale ambao nyumba zao hazikuwa na ufa.

Hii haimaanishi kuwa makanisa yaachwe bila kuwajibika. Kudai hesabu za sadaka zikaguliwe, kulitambua boma linalolaza watu usiku, na kuwalinda watoto walio humo ni mambo ya haki, ambayo hata shule na hospitali hutakiwa kuyafanya. Vilevile, viongozi wa makanisa wanaojuana wana wajibu wa kumkemea mwenzao mapema, kabla ya polisi kubisha hodi. Dini isiyojisafisha yenyewe humkaribisha asiyestahili aje kuifagia.

Kipimo cha maswali manne

Kutokana na uzoefu wa karne moja wa Migori na Homa Bay, mwananchi anaweza kuupima kila mswada na kila amri kwa maswali manne.

Kwanza, je, serikali inahukumu kitendo au imani? Mumbo aliadhibiwa kwa mafundisho. Mkeketaji anaadhibiwa kwa kisu. Pili, anayeumia ni nani, na je, ana uwezo wa kukataa? Tatu, je, sheria zilizopo zimetumiwa zikashindwa, au zimelala kabatini? Nne, anayetoa uamuzi ni nani, na je, anaweza kupingwa mbele ya jaji asiyemwogopa, kama Waadventista walivyofanya?

Amri inayopita maswali hayo, Mkristo anaweza kuitii kwa dhamiri safi, hata ikimuuma. Isiyopita, ana wajibu wa kuipinga kwa njia za amani na za kisheria, hata kama leo inamlenga mtu wa dhehebu asilolipenda. Waliokaa kimya Onyango Dunde alipofuatwa na mkoloni walidhani hilo ni tatizo la wapagani. Miaka 50 baadaye, swali lile lile lilikuwa limefika Got Kwer, kwa watu waliovaa rozari.

Na kwa wale 57 wa Opapo, serikali ilikuwa na wajibu wa kufungua lango, kuchunguza vifo na kuwatafutia watoto, kama wapo, usalama. Kuwabadilisha imani si kazi yake. Kazi hiyo ni ya jamaa atakayewatembelea, mchungaji atakayeketi nao kwa subira, na kanisa jirani litakalowaonyesha kwamba mtu anaweza kumcha Mungu na bado akarudi nyumbani jioni kula na watoto wake.